Usumaku sifuri si dosari: jinsi ya kuunasa mpito wa awamu katika mnyororo wa Ising

Msomaji ameandika kwamba programu yake ya mnyororo wa Ising wenye uga mkingamo (safu ya spini, yaani sumaku ndogo sana, ambazo J huzifanya zielekee upande mmoja na jirani zake huku uga h ukizivuta kimkingamo) inampa usumaku sifuri kila mahali, na dalili pekee ya mpito wa awamu, yaani pale mpangilio huo unapovunjika, anaiona karibu na h = J/2 badala ya h = J. Anauliza kama aanze upya. Hapana, hakuna haja.

Tuanze na ile nusu ya J/2. Fomula inayozoeleka ya nishati (Hamiltoniani), H = −J Σ σᶻᵢσᶻᵢ₊₁ − h Σ σˣᵢ, hutumia matriksi za Pauli, σ, zenye thamani +1 na −1. Ukiingiza spini zenyewe, S = σ/2, sehemu ya kwanza inagawanyika kwa 4 na ya pili kwa 2, hivyo mpito unahamia h = J/2. Fizikia ni ileile.

Usumaku nao uko sawa. Ukigeuza spini zote kwa pamoja, Hamiltoniani haibadiliki, kwa hiyo mnyororo wenye urefu wa kikomo hauegemei upande wowote. Pima wastani wa mraba wa usumaku. Kuongeza uga mdogo wa σᶻ ili kuulazimisha uegemee ni tiba mbaya: uga huo unaufuta mpito wenyewe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mwanya wa nishati, yaani tofauti kati ya nishati ya chini kabisa na inayofuata. Katika mnyororo usio na mwisho mwanya ni 2|J − h|, kama Pfeuty alivyoonyesha mwaka 1970. Katika mnyororo mfupi haufiki sifuri; pale h = J unapungua kwa kadiri ya 1/N, N ikiwa idadi ya spini. Basi chukua tofauti Δ kati ya nishati ya chini kabisa ya sekta witiri (hali zinazobadili ishara spini zote zikigeuzwa) na ile ya sekta shufwa (zisizobadili), izidishe kwa N, uchore NΔ dhidi ya h kwa N = 8, 10, 12 na 14. Mistari itakatana karibu kabisa na h = J. Chini ya hapo Δ hunywea haraka mno kwa sababu hali mbili za chini zinakaribia kulingana. Usiite huo mwanya wa msisimko. Msisimko halisi upande huo, ncha zikiwa zimeunganishwa, huja kama kuta mbili (mipaka kati ya spini za juu na za chini) kwa pamoja na hugharimu takriban 4(J − h).

Kabla ya kuamini grafu yoyote, ipitishe kwenye namba hizi. Kwa N = 12, h = J na ncha zilizounganishwa, nishati kwa kila spini ni −1.27688J, ikielekea −4/π, na NΔ ni 1.573J, ikielekea π/2. Ukipata 3.01 hivi, umesahau kiungo cha spini ya mwisho na ya kwanza. Ni kosa la mstari mmoja wa programu, lakini linaharibu kila kinachofuata.

Kuhusu ukubwa: N = 20 ina hali 1,048,576. Vekta moja ni megabaiti 8 tu, ilhali matriksi nzima ingehitaji zaidi ya terabaiti 8. Usiihifadhi, tumia mbinu ya Lanczos, inayotafuta nishati za chini kwa kuzidisha matriksi na vekta hatua kwa hatua, kila sekta peke yake. Vekta zake hupoteza upembemraba (kukaa pembe mraba kati yao) taratibu, na nishati moja huanza kujitokeza mara mbili au tatu kama vivuli. Zirudishe kwenye pembe mraba kila hatua, la sivyo utatangaza ulinganifu wa nishati ambao haupo.

Uga wa σᶻ una mahali pake. Katika fuwele ya CoNb₂O₆, ambayo mpito wake uko karibu na tesla 5.5, minyororo jirani huuleta wenyewe, na vipimo vya nyutroni vilivyochapishwa mwaka 2010 vilionyesha uwiano wa nishati mbili za chini ukikaribia 1.618. Ukitaka kuuona kwenye kompyuta, kaa h = J kamili. Nishati hizo hukua kwa kipeo cha 8/15 cha uga, hivyo uga ukiwa mdogo kupita kiasi mnyororo unaisha kabla uwiano haujatulia.