Jibu: Bakteria humtambuaje mnyoo wake?

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama ni jeni moja tu inayomwezesha bakteria kukaa ndani ya mnyoo. Kwa bakteria aitwaye Xenorhabdus nematophila ni tatu zilizopangana: nilA, nilB na nilC. Mwenyeji wake ni Steinernema carpocapsae, mnyoo wa udongoni anayewinda wadudu (si hawa wa kumezea dawa, usiogope). Ukiziharibu jeni hizo, bakteria hukua maabara kama kawaida, ila kile kifuko kidogo mwanzoni mwa utumbo wa mnyoo hubaki kitupu.

Ushahidi ulionikata kiu ni wa 2008. Watafiti wa Marekani walizipandikiza jeni hizo kwa Xenorhabdus wa aina nyingine, ambao kwa kawaida hawamkai mnyoo huyu. Wakaingia, wakakaa! Kwa hiyo nil ni kama ufunguo wa nyumba mahususi. Bakteria huyu pia humsaidia mnyoo kumuua mdudu, lakini hiyo ni kazi ya jeni nyingine kabisa.

Usichanganye na Photorhabdus, bakteria jamaa yake anayeishi na mnyoo mwingine, Heterorhabditis. Huyo ana mbinu zake. Nilipokuwa chuoni niliweka funza wachache kwenye kisahani chenye karatasi mbichi pamoja na minyoo hiyo ya Heterorhabditis. Siku ya tatu walikuwa wekundu kama tofali. Usiku stima ikapotea, kama ada ya mtaa wetu, na macho yalipozoea giza nikawaona wanang'aa kwa mbali, kijani hafifu. Mamangu alinitoa nje na kisahani changu.

Ukitaka kuwajaribu minyoo hawa shambani, mwagilia jioni; jua la Mombasa huwakausha upesi.