Umetaka kushuka kumkunja dereva wa daladala? Mimi nilishuka

Mkuu, umesema jana daladala ilikuchomekea Ubungo, ikabaki kidogo tu ushuke umkunje dereva wake, na unauliza sisi wa siku nyingi tunajizuiaje. Mimi sikujizuia.

Ilikuwa Kimara, asubuhi, natoka Mbezi na kazini nimeshachelewa. Kosta ikaja inatanua upande wa kushoto, ikanichomekea hadi saiti mira yangu ikajikunja. Nikaifukuza mpaka kituoni, nikaipita, nikaiziba kwa mbele. Nikashuka na matusi yangu yote. Niko dirishani kwa dereva, kidole juu, abiria wakaanza kupiga kelele. Nikadhani wako upande wangu. Kumbe wanasema, "Mzee, gari lako hilo linaondoka!"

Gia niliiacha kwenye N, handibreki sikuvuta, na pale pana mteremko. Gari lilikuwa linashuka taratibu, kwa adabu kabisa, likaenda kugota bajaji iliyokuwa inamshusha mama mwenye ndoo ya samaki. Mama hakuumia, nashukuru Mungu. Samaki walitapakaa lami nzima. Nikalipa taa ya bajaji, nikalipa bati, nikalipa samaki. Kosta ikaondoka zake, konda ananing'inia mlangoni anacheka.

Nilipokaa kufikiri, niliona hasira ile haikuanzia kwenye Kosta. Ilianzia nyumbani, saa kumi na mbili na nusu, nazunguka sebuleni natafuta funguo. Siku nikitoka saa kumi na moja na nusu, hata wanichomekee kumi natazama tu kama sinema. Kwangu dawa ni hiyo saa moja ya kuwahi kutoka. Mengine ni nyongeza.

Nyongeza yenyewe ni kuacha nafasi mbele. Utasema wataingia. Wataingia kweli, waache. Kwa spidi ya 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukimganda mtu nyuma akakanyaga breki ghafla, huna pa kwenda. Na mara ngapi nimefika taa za mbele nikamkuta yuleyule aliyenichomekea kasimama, tumepishana gari mbili!

Halafu kumbuka dereva wa daladala ana hesabu ya kumpelekea tajiri, mwenye gari, jioni. Abiria akiokotwa na mwenzake kituo cha mbele, hela hiyo imemtoka. Wewe hata hakukuona, anawahi kichwa cha abiria. Simtetei, trafiki wakimkamata nitafurahi, ila nikiwaza hivyo tusi linapoa mdomoni.

Ukikutana na wa kukuwashia ful laiti mgongoni, mpishe. Akianza kukufuata, usishushe kioo na usimpeleke kwako; ingia sheli yenye watu au kituo cha polisi. Na redio nayo uiangalie. Mimi ni wa Simba, tukifungwa Jumapili, Jumatatu asubuhi sifungui kipindi cha michezo kabisa.

Yule dereva wa Kosta bado tunakutana njia ileile. Akiniona anapiga honi mara mbili, halafu anavuta mkono hewani kama mtu anayevuta handibreki.