Kwa anayeanza kazi dawati la biashara ya nje

Siku za mwanzo utapewa usome UCP 600, kanuni za barua za mkopo za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, zinazotumika tangu Julai 2007. Barua ya mkopo ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba muuzaji atalipwa akileta hati zilizotajwa humo. Vifungu ni 39 tu, havimalizi wiki. Kinachochukua miaka ni kuelewa kwa nini benki ya bara jingine inakubali kumlipa muuzaji fedha nyingi kwa kutegemea ujumbe ulioandikwa dawatini kwako.

Haimwamini mteja wako, yaani mnunuzi, haimjui hata. Imeiamini benki yako, tena kwa kipimo. Kila benki makini imewawekea wenzake ukomo wa deni, na ukomo mwingine kwa nchi nzima. Ukomo ukijaa, benki ya huko haitaithibitisha barua yako mpaka uweke fedha taslimu kwake, hata kama mteja wako ni tajiri wa kutupwa. Usione umedharauliwa. Anayethibitisha ameongeza ahadi yake juu ya yako: hati zikiwa sawa atamlipa muuzaji, na hawezi kumrudia kumdai fedha hizo. Akishalipa, amebaki na wewe tu.

Ndiyo maana utajulikana zaidi siku hati zinapofika. Bei ya bidhaa imeshuka, mteja hautamani tena mzigo, na sasa anakupigia simu kila saa utafute kasoro. Kasoro hazikosekani, ila hazilingani. Meli iliyopakia baada ya tarehe ya mwisho, au cheti cha bima kilichoombwa na hakimo, hiyo ni sababu ya kukataa. Anwani ya muuzaji iliyoandikwa tofauti kwenye ankara si sababu: kifungu cha 14 kinasema anwani za pande mbili hazilazimiki kufanana na za kwenye barua ya mkopo, mradi nchi ni ileile. Mteja akisema mzigo wenyewe ni mbovu, mwelekeze kwenye mkataba wake wa mauzo. Benki inashughulika na hati, si magunia. (Jiandae kulieleza hili mara nyingi, hata kwa mabosi wa idara nyingine.)

Una siku 5 za kazi za benki baada ya siku uliyoletewa hati. Ukikataa, unatoa taarifa moja tu, yenye kasoro zote. Huwezi kutaja mbili leo na ya tatu wiki ijayo. Ukichelewa, haki ya kudai kuwa hati zina kasoro imekutoka. Utalipa, mteja awe na fedha au asiwe nazo.

Kwa maoni yangu, mteja anayeshinikiza ukatae kwa visingizio ni heri aende benki nyingine. Mkaguzi wa upande wa pili anasoma taarifa yako na kutambua mara moja umechokonoa. Hatagomba. Barua yako ijayo itapandishiwa ada ya uthibitisho, au itakosa wa kuithibitisha kabisa.

Upo pia upande wa wewe kuamini. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba wafanyakazi wa tawi moja la Punjab National Bank mjini Mumbai walikuwa wakituma ahadi za malipo kwa SWIFT, mtandao wa ujumbe kati ya benki, bila kuziingiza katika vitabu vya benki. Matawi ya ng'ambo ya benki nyingine za India yalikopesha kwa kuzitegemea, na hasara ikazidi dola bilioni 1.7. Ujumbe ulikuwa halisi, umepita njia halali. SWIFT inathibitisha benki iliyotuma. Haijui kama deni limeandikwa popote.

Kwa hiyo ahadi ikiwa kubwa kuliko mazoea ya benki hiyo, au deni lilelile likiongezewa muda kila linapoiva, iulize makao makuu yao, si tawi lililotuma. Na ukiletewa MT 999, ujumbe huru wa SWIFT, yenye ahadi ya kulipa, usiitolee hata senti: ujumbe wa aina hiyo hupita bila uthibitisho wa mtumaji. Omba utumwe upya kwa njia iliyothibitishwa, kisha subiri.