Kesi "ilifutwa" Texas: je, naweza kununua bastola?

SWALI

Salaam wakili. Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Mbeya, naishi Fort Worth. Niliingia Marekani mwaka 2016 kwa bahati nasibu ya visa. Nina grinikadi, uraia sijaomba. Mwaka 2019 niligombana na mke wangu, nikamsukuma, jirani akaita polisi. Wakili niliyepewa na mahakama alinishauri nikubali kosa. Nikawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja, nikahudhuria madarasa ya kudhibiti hasira, nikalipa kila kitu. Mwisho nikaambiwa kesi imefutwa. Mke wangu tuko pamoja hadi leo. Sasa nalinda ghala usiku, na mwajiri anasema mlinzi mwenye silaha analipwa zaidi. Rafiki zangu wananiambia, "Nenda dukani ujaze fomu, wakikukatalia ndiyo utajua." Mmoja amejitolea kuninunulia kwa jina lake. Nitajuaje kama sheria inaniruhusu?

Baba Neema

JIBU

Baba Neema, hao rafiki zako wanakupenda, lakini ushauri wao wa aina zote mbili, ule wa kujaribu dukani na ule wa kununuliwa, unaweza kukufikisha jela. Nitaueleza kila mmoja. Kabla ya hapo niseme wapi jibu lako lilipo: halipo dukani, na wala haliko kwenye kompyuta ya FBI. Liko kwenye karatasi moja ya mwaka 2019, na naona hiyo karatasi hujaisoma.

Kwetu Tanzania unaomba kibali polisi kwanza, wanakuchunguza, ndipo unanunua. Ukinyimwa umenyimwa tu, unarudi nyumbani. Ndiyo maana wengi wetu tukifika huku tunadhani na fomu ya dukani ni ombi. Sivyo. Texas haina kibali cha kununua silaha. Unaingia dukani, unapewa Fomu 4473 ya serikali ya shirikisho, na unaulizwa maswali ambayo wewe mwenyewe unatakiwa uwe unajua majibu yake: Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani? Una amri ya mahakama inayokuzuia kumsogelea mwenzi wako? Unatumia bangi au dawa nyingine za kulevya? Upo nchini kihalali? Unaweka alama "ndiyo" au "hapana", unatia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo kitanzi. Kusema uongo kwa kujua kwenye fomu hiyo ni kosa kubwa la shirikisho, kifungo chake hadi miaka 10, hata kama bastola hukuigusa. Na tangu sheria ya mwaka 2022, mtu akikataliwa, FBI wanatakiwa kuwajulisha polisi wa eneo lake ndani ya saa 24. Kwa hiyo "kujaribu" kunaacha sahihi yako na taarifa polisi.

Ubaya wa pili wa kujaribu ni kwamba hata ukikubaliwa hujajua kitu. Muuzaji anatuma jina lako, tarehe ya kuzaliwa na maelezo mengine kwenye mfumo wa FBI unaoitwa NICS, uliopo tangu Novemba 1998. Alama za vidole hazichukuliwi. Mfumo unatafuta kwa jina katika kumbukumbu ambazo mahakama na majimbo yamepeleka. Mahakama isipopeleka, mfumo haujui. Hapa hapa Texas, Sutherland Springs, Novemba 2017, mtu aliyewahi kutiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mke wake na mtoto aliingia kanisani akaua watu kwa bunduki aliyonunua dukani. Mfumo ulimpitisha, kwa sababu Jeshi la Anga halikupeleka rekodi yake FBI. Kwa hiyo kupita si ruhusa. Asiyeruhusiwa akipita kwa bahati, kumiliki kwenyewe bado ni kosa, na adhabu yake sasa ni hadi miaka 15.

Basi turudi kwenye karatasi. Hilo neno "imefutwa" ndilo linalonitia wasiwasi, maana watu hulitumia kwa mambo yasiyofanana hata kidogo. Texas mtu akikiri kosa na kuwekwa chini ya uangalizi, njia ni mbili, na ukiwa ndani yake zinafanana kama pacha: afisa yuleyule, madarasa yaleyale, ada zilezile kila mwezi.

Njia ya kwanza, jaji anakutia hatiani, anakupa kifungo, halafu anakisimamisha ili ukitumikie ukiwa nje. Hapo una hatia. Ukimaliza muda umemaliza adhabu, lakini hatia inabaki.

Njia ya pili, jaji anapokea kukiri kwako ila anaahirisha kukutia hatiani. Ukimaliza salama, anakuachilia na kuifunga kesi bila hatia kuandikwa. Karatasi za njia hii zina maneno *deferred adjudication* juu kabisa. Ndiyo maneno ya kutafuta.

Nenda kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi yako, ukiwa na kitambulisho na namba ya kesi kama unayo. Omba nakala yenye mhuri ya vitu vitatu: hati ya mashtaka, hukumu au amri ya jaji, na amri ya mwisho ya kukuachilia. Ada ni ndogo. Usikubali kuondoka na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye skrini. Kisha soma kichwa cha ile ya pili. Kikisema hukumu ya kutiwa hatiani, uko njia ya kwanza. Angalia pia kama jaji ameandika kuwa kosa lilihusu ukatili wa kifamilia. Mahakama za Texas hutakiwa kuliandika hilo.

Ikiwa ni njia ya kwanza, pole, jibu ni hapana. Tangu 1996 sheria ya shirikisho inamzuia kumiliki silaha au risasi mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la ukatili dhidi ya mwenzi wake. Usijifariji kwamba ulisukuma tu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2014 kwamba hata mguso wa kumkera mtu, bila jeraha, unatosha kuitwa nguvu kwa maana ya sheria hii. Na kuna mtego ambao nimeona unawanasa watu wazima wenye akili zao: sheria ya jimbo la Texas inasema aliyetiwa hatiani kwa shambulio la aina hii dhidi ya mwanafamilia haruhusiwi kumiliki silaha kwa miaka 5 tangu amalize kifungo au uangalizi. Mtu anahesabu miaka mitano kwenye kalenda, anaenda kununua. Jimbo limemwachia, shirikisho halijamwachia. Kwa kosa dhidi ya mke wa ndoa, zuio la shirikisho halina tarehe ya mwisho. Linaondoka kwa njia chache tu, kama msamaha wa gavana, au ukithibitisha kwamba ulikiri bila wakili na bila kuikana haki hiyo kwa kujua. Wewe wakili ulikuwa naye.

Ikiwa ni njia ya pili na ulimaliza bila doa, hali ni nzuri zaidi. Swali la kama mtu "ametiwa hatiani" kwa ajili ya sheria ya silaha linaamuliwa kwa sheria ya jimbo kesi ilikosikilizwa, na Texas haihesabu kesi iliyoahirishwa na kumalizwa salama kuwa hatia. Kwa kawaida mtu wa namna hii anaweza kuweka "hapana" kwenye swali hilo bila kusema uongo. Nasema kwa kawaida, kwa sababu sijaiona karatasi yako. Mpe wakili wa jinai aisome kabla hujatia sahihi popote. Nusu saa yake ni nafuu kuliko mwaka wako.

Kumbuka pia kesi yako haijapotea kwenye kumbukumbu. Za ukatili wa kifamilia Texas hairuhusu zifichwe hata zikiwa za njia ya pili. FBI wataona kukamatwa kwako, na kama mwisho wa kesi haukuandikwa vizuri, muuzaji ataambiwa asubiri. Majibu ya NICS ni matatu: endelea, subiri, au kataa. "Subiri" ikipita siku 3 za kazi bila jibu, sheria inamruhusu muuzaji kuuza, haimlazimishi, na wenye maduka wengi wana msimamo wao kuhusu hilo.

Unachoweza kufanya mapema ni kuomba rekodi yako mwenyewe FBI. Hiyo inatumia alama za vidole, ada ni dola 18, na baadhi ya posta huchukua alama hizo papo hapo. Haitakupa jibu la "unaruhusiwa", maana raia wa kawaida hana njia ya kujipima mwenyewe kwenye NICS. Lakini itakuonyesha wanachokiona. Ukikuta kesi ya 2019 inaonyesha umekamatwa na haionyeshi ilivyoisha, zile nakala zenye mhuri ndizo utakazotumia kuisahihisha.

Hapa niwaongezee kidogo akina Juma, Hamisi na Mohamed Ali. Kwa kuwa dukani wanatafuta kwa jina, watu wenye majina ya kawaida hukwamishwa kwa makosa ya wengine, hasa sisi ambao jina la babu lilikaa nafasi ya ukoo kwenye pasipoti na la baba likakaa hapo kwenye leseni. Namba ya hifadhi ya jamii kwenye Fomu 4473 ni hiari, ila kuijaza hupunguza kuchanganywa. Anayekwamishwa kila mara anaweza kuomba FBI wahifadhi taarifa zake na kumpa namba maalumu ya kutumia akinunua.

Kuhusu grinikadi: kununua si tatizo. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa, ataandika namba yake ya uhamiaji kwenye fomu. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi vilevile. Wenye visa za muda, wanafunzi na wafanyakazi, kwa kawaida hawaruhusiwi, isipokuwa wachache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Na "kumiliki" hapa ni hata kushika. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu aliyepoteza masomo, na visa ikaisha, alishtakiwa Florida kwa kufyatua bastola ya kukodi uwanja wa shabaha. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2019, ikaamuliwa kwamba serikali lazima ithibitishe mshtakiwa alijua hali yake ya ukaazi. Wewe ukishasoma haya, usitegemee kusema hukujua.

Sasa yule rafiki wa kukununulia. Mwambie asante, hapana. Swali la kwanza kabisa kuhusu mnunuzi kwenye fomu ni kama wewe unayetia sahihi ndiye mnunuzi halisi. Kuna mtu wa Virginia, polisi wa zamani, aliyemnunulia mjomba wake bastola aina ya Glock kwa sababu angepata bei ya polisi. Mjomba alimtumia hundi ya dola 400 kabla. Mjomba huyo alikuwa anaruhusiwa kumiliki silaha, hana doa. Mahakama ya Juu mwaka 2014 ikasema bado ni uongo kwenye fomu, na hatia ikabaki. Sisi tuliozoea kutumana, "nichukulie na mimi moja ukipita," tuwe macho hapa. Kununua kwa mtu binafsi bila fomu, jambo ambalo Texas inaliruhusu, nako hakukusafishi. Kama umezuiwa, umezuiwa popote bastola ilipotoka, hata ikiwa ya mkeo na iko kwenye droo ya chumba chenu.

Hata ukikuta uko salama, kazi ya ulinzi wa silaha ina mlango wake mwingine. Leseni inatolewa na Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, kwa mafunzo na vigezo vyao vya kesi zilizopita. Waulize wao, usimuulize mwajiri.

Nimeliacha la mwisho ambalo hukuliuliza. Kwa sheria ya silaha, njia ya pili si hatia. Kwa sheria ya uhamiaji ni hatia. Tangu 1996, ukikiri kosa na jaji akakuwekea masharti yoyote, uhamiaji wanakuhesabu umetiwa hatiani, hata kama Texas imeifunga kesi, na hatia ya ukatili wa nyumbani inaweza kumtoa nchini mwenye grinikadi. Ikiongezeka kesi ya silaha juu yake, hiyo nayo peke yake ni sababu ya kurudishwa. Sisemi kwamba yatakupata. Inategemea kifungu ulichokiri. Lakini grinikadi ya 2016 inakaribia kumaliza miaka yake 10, au imeshamaliza, na ukienda kuibadilisha watachukua alama za vidole. Chukua zile nakala tatu, mpelekee wakili wa uhamiaji kwanza, kabla ya yule wa jinai, na usikate tiketi ya kwenda nyumbani mpaka amalize kuzisoma.