Re: Mji unaweza kufunga nyumba ya kikundi kama Airbnb?

Ndugu umeuliza kama miji ya Marekani inaweza kuzibana nyumba za watu wenye ulemavu wanaoishi pamoja vile inavyobana Airbnb. Hapana aisee, usichanganye hivyo vitu. Airbnb, yaani kukodishia wageni nyumba kwa siku chache kupitia mtandao, ni biashara, hapo mji una mkono mrefu, cheki New York tangu Septemba 2023, ukikodisha chini ya siku 30 lazima ujisajili, uwepo mwenyewe ndani na wageni wasizidi wawili. Ila mlemavu yuko kwake, siyo mgeni wa wikiendi, na Fair Housing Act, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi kwenye makazi, inamlinda tangu marekebisho ya 1988, hata aliyeacha madawa ya kulevya yumo. Mji wa Edmonds jimbo la Washington ulipobana nyumba ya watu kama hao, ulijitetea na kanuni yake ya watu wasio ndugu wasizidi watano kwa nyumba, mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kanuni hiyo haiukingi mji na sheria hiyo. Majirani wakilalamikia parking sawa, lakini sheria ya parking iwe ya mtaa mzima, mkiwawekea wale peke yao huo ni ubaguzi na mimi unaniuma sana.