Fundi Anajibu: Mkoba wa Viraka Uliorudishwa

SWALI: Asalam aleikum, Mama Fundi. Niko Arua. Mafundi wa sokoni hunipa masalio ya vitenge bure, nami nashona mikoba ya viraka. Mteja kanirudishia mmoja. Kaufua mara moja tu ukajikunja, na nyekundu ikavujia viraka vyeupe. Nimekosea wapi? Tena nitoze kiasi gani, ilhali kitambaa sikununua?

JIBU: Waleikum salaam, binti yangu. Tatizo lilianzia kwenye gunia la masalio. Siku hizi si kila kitenge ni pamba. Vingi ni poliesta iliyopigwa chapa ya kitenge, na jicho hudanganyika. Chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, na ikipoa inakuwa kitone kigumu. Tenga mafungu mawili, usiyachanganye kwenye mkoba mmoja: ukifuliwa, pamba inarudi, poliesta inabaki vilevile, na mkunjo ndio huo.

Kisha fua kabla ya kukata. Tia vipande ndani ya foronya, funga mdomo, ufue kwa maji ya moto. Ukivifua vikiwa wazi vitafumuka na kusokotana hadi ulie. Kipande chekundu kikiwa bado kibichi, kiwekee kitambaa cheupe juu, upige pasi. Cheupe kikipata doa, rudia kufua. Kikiendelea kuvuja, kipeleke kwenye mkoba wa nyeusi na bluu. Habari za kuloweka kwenye chumvi waachie majirani. Haitakuokoa.

Jambo la tatu wengi hawalijui. Shika kipande kwa mikono miwili uvute kila upande, utaona upande mmoja unavutika kidogo kuliko mwingine. Huo usiovutika uelekee juu-chini kwenye kila kiraka. Ukikata hovyo hovyo kwa kufuata maua, mkoba utalegea upande mmoja punde tu ukitiwa viazi. Halafu shonea viraka juu ya shuka kuukuu la pamba. Kwenye mivumba, yaani mitumba, hayakosekani, sisi wa Kampala tunayapata soko la Owino. Acha nusu inchi ya mshono, maana masalio hufumuka. Sindano namba 14 inatosha, ila ukiunganisha na kitambaa cha jinzi weka 16.

Sasa bei. Usiniambie kitambaa ni cha bure! Je, zipu, uzi na bitana navyo ulipewa bure? Na siku nzima uliyokaa kwenye cherehani? Hapa Kampala mbunifu Bobby Kolade huchukua nguo za mivumba, akazifumua, akazishona upya na kuziuza hadi nchi zilikotoka. Mradi wenyewe kauita Return to Sender, yaani Rudisha kwa Aliyetuma. Wanaonunua wanajua fika kwamba nguo ilikuwa kuukuu. Wanalipia mkono wa fundi.

Kwa hiyo andika gharama zote kwenye daftari, ongeza ujira wa siku ambao fundi wa hapo sokoni kwenu angekudai kwa kazi hiyo hiyo, ndipo utaje bei. Mteja akilia, mshonee pochi ndogo, lakini mkoba usiushushe bei.

Huyo aliyekurudishia mshonee mwingine. Na hao mafundi wanaokupa masalio, siku moja moja wapelekee chai na mandazi, la sivyo wataanza kuyauza.