Maswali ya Wasomaji: Jarida la Katuni Lililokubali Kuzeeka

SWALI: Ndugu Mhariri, binamu yangu anayeishi Leicester amekuja likizo na rundo la majarida ya katuni ya Kiingereza yaitwayo 2000 AD, mengine yakiwa ya kabla sijazaliwa, na ananiambia kwamba bado yanatoka kila wiki. Mimi nimezoea kuona hadithi za kubuni za kisayansi zikichuja mara tu miaka zinayoitaja inapofika. Jarida hili limewezaje kudumu, nami nianzie wapi kulisoma? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, waliolianzisha hawakutarajia lifike mbali. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1977 chini ya kampuni ya IPC ya London, na mwaka 2000 ulitiwa katika jina kwa sababu siku hizo ulionekana uko mbali mno. Majarida ya katuni ya watoto nchini Uingereza yalihesabiwa kuwa ya kupita tu, mauzo yakishuka yanafungwa au yanaunganishwa na mengine. Mwaka mmoja kabla, jarida jingine la kampuni hiyohiyo, Action, lilikuwa limeondolewa madukani kwa muda kutokana na malalamiko kwamba limezidisha ukatili. Pat Mills, aliyekuwa ameasisi Action na ndiye aliyeiasisi 2000 AD, aliuhamishia ukali uleule katika karne zijazo, ambako mwandishi aliweza kusema juu ya polisi, ukosefu wa kazi na serikali mambo ambayo yasingekubalika kirahisi kama yangewekwa katika mitaa ya London ya wakati ule.

Hata hivyo, hilo linaeleza jinsi lilivyoanza, wala halielezi jinsi lilivyodumu. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni moja: ndani ya jarida hili muda unapita kwelikweli. Mhusika wake maarufu, Judge Dredd, aliyebuniwa na mwandishi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra, alitokea katika toleo la pili, na hadithi zake zimewekwa miaka 122 mbele ya msomaji. Mwaka 1977 kwetu ulikuwa 2099 kwake, na kila mwaka unaopita hapa hupita pia katika jiji lake la Mega-City One, kwa hiyo mwaka wa hadithi haufikiwi kamwe. Mashujaa wengi wa katuni hubaki vijana miaka nenda miaka rudi, lakini Dredd anazeeka pamoja na wale walioanza kumsoma wakiwa shule ya msingi.

Kwa kuwa muda unapita, matendo nayo hayafutiki. Mwaka 1982, katika vita dhidi ya jiji la Kisovieti la East-Meg One, ambavyo Ezquerra alivichora mwenyewe mwanzo hadi mwisho, Dredd aliteka kituo cha makombora ya nyuklia, akaombwa awahurumie watu wa jiji hilo, akakataa, na watu nusu bilioni wakaangamia. Karibu miaka 30 baadaye, katika matoleo ya mwaka 2011 na 2012, manusura wa jiji lile walirudi na ugonjwa uliotengenezwa maabara, nao ukawaua wakazi wengi wa Mega-City One. Ni Wagner yuleyule aliyeandika kisasi hicho, akiwa sasa mzee. Sijui njia nyingine ya kusimulia ambayo ingeweza kumfanya msomaji aone uzito wa kitufe kilichobonyezwa alipokuwa mtoto.

Zipo sababu nyingine ndogo, kama vile uamuzi wa mapema wa kuchapisha majina ya waandishi na wachoraji, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika majarida ya aina hiyo nchini Uingereza, na kununuliwa kwake mwaka 2000 na kampuni ya michezo ya kompyuta ya Rebellion ya Oxford baada ya miaka migumu. Ukitaka kuanza, tafuta hadithi iitwayo America, iliyoandikwa na Wagner na kuchorwa na Colin MacNeil mwaka 1990 katika jarida dada, Judge Dredd Megazine.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili anampenda sana Judge Dredd. Je, mtu huyu ni shujaa wa kuigwa? (Mzazi, Nairobi)

JIBU: Mzazi mpendwa, hapana, na walioandika hadithi zake hawakukusudia aigwe. Dredd hukamata, huhukumu na kutoa adhabu papo hapo, bila wakili wala rufaa. Hali rushwa na haogopi kitu, na ndiyo maana vijana humpenda, ila anaitumikia serikali ya majaji kama yeye, ambayo haikuchaguliwa na mtu. Ezquerra alikulia Hispania ya dikteta Franco, na tai mkubwa aliyemweka juu ya bega la sare ile alitoka huko. Uso wa Dredd hauonyeshwi. Chini ya kofia msomaji huona kidevu na mdomo uliokunjamana tu.

Mwaka 1986 jarida lilitoa hadithi fupi ambayo maneno yake karibu yote ni barua ya mwanamke kwa mumewe. Anamweleza kwa nini yeye na wenzake wanakwenda kuteka kituo cha televisheni ili wadai haki ya kupiga kura, huku picha zikionyesha majaji wakiingia na kuwaua mmoja baada ya mwingine. Dredd ndiye anayesimamia kazi hiyo. Miaka mitano baadaye wananchi wanapewa kura ya maoni, wengi hawajitokezi, na majaji wanashinda kihalali, matokeo ambayo mimi naona yanatisha kuliko mauaji yenyewe.

Baadhi ya hadithi zina damu nyingi, kwa hiyo zipitie wewe kwanza. Akimaliza ile ya barua, muulize kijana wako alikuwa upande wa nani, kisha mwache aeleze sababu zake hadi mwisho kabla hujatoa zako.